Gari Lililopashwa Moto Kila Asubuhi

Mvua ndiyo iliyowakutanisha, na mvua hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inalila kwa kutu, upande wa chini, gari walilokuja kuuziana.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo yadi ya magari yaliyotumika hujaa watu mpaka getini. Wanafungua milango, wanapiga tairi mateke, wanachungulia ndani ya boneti na kutikisa kichwa kana kwamba wanaelewa wanachokiona. Kinyozi hakuwa mmoja wao. Alikuwa anapita zake na mfuko wa dawa za mama yake. Mvua iliposhuka kwa kishindo alikimbilia ndani ya geti, akaona gari kubwa jeusi mlango wazi, akajitupa kitini.

Hakukaa sana. Kioo kikagongwa.

"Kaka, hilo linauzwa. Si kibanda cha kujikingia mvua."

Aliyegonga alikuwa mwanamke mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Alifunga kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, amevaa gauni la buluu lenye madoa meupe, na miguuni mabuti ya mpira. Kiunoni alining'iniza rundo la funguo zilizolia kila alipogeuka. Yadi nzima ilimwita Funguo. Alikuwa dalali wa pale, na yadi ilikuwa ya mjomba wake aliyemlea.

"Nani kakwambia sinunui?" Kinyozi akauliza.

"Anayenunua gari kama hili haji kwa miguu."

"Basi nionyeshe la anayekuja kwa miguu."

Akacheka. Alikuwa na mwanya, na alipocheka aliinamisha kichwa kana kwamba anauficha. Kisha akamtazama shingoni. "Una nywele kwenye kola. Tena si zako."

"Mimi kinyozi. Jioni narudi na vichwa vya watu wote."

"Kwa mkeo?"

"Kwa mama yangu. Mke sina. Umeuliza kwa ajili ya biashara au kwa ajili yako?"

"Toka kwenye gari la watu," akasema Funguo, lakini mwavuli akausogeza umfunike na yeye.

Walisimama chini ya bati wakingoja mvua ipungue, na hapo akamhoji kama dalali yeyote anayejua kazi yake. Unakaa wapi? Kazi iko wapi? Kinyozi akamweleza. Alikaa juu ya duka lake la kunyolea, kileleni mwa mtaa wa mlimani. Kazini alifika kwa kushuka ngazi. Gari hakuwahi kulihitaji. Lakini figo za mama yake zilikuwa zimechoka, na mara kadhaa kwa wiki ilibidi ashuke kliniki iliyoko chini ya mlima, alazwe kwenye mashine, asafishwe damu. Dereva wa teksi aliyekuwa akiwachukua alikuwa amehama mji.

"Kwa hiyo unateremka, unangoja, unapanda. Basi?"

"Basi. Jumapili linapumzika."

"Usikubali mtu akuuzie diseli," Funguo akasema. "Safari zako fupi mno, masizi yataziba ekzosi. Wewe unataka gari dogo la petroli, injini ndogo, vipuri vyake vinapatikana kila kona. Na mlango mpana kwa ajili ya mama."

"Unalo?"

"Rudi kukiwa kukavu."

Akarudi. Akarudi tena. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono, na kila mara alikuta kasoro kwenye gari aliloonyeshwa. Hili kiti chake kigumu. Hili rangi yake inafanana na jeneza. Funguo alijua anachofanya, naye akaendelea kumwonyesha.

"Mteja wangu, hivi wewe unachagua gari au unachagua siku ya kurudi?"

"Vyote viwili vinahitaji uangalifu."

Siku moja walipita kwenye gari dogo jeupe lililokuwa mali ya mwalimu wa kike. Lilikuwa limetembea kilomita nyingi, kwenda shule na kurudi, kila siku ya kazi kwa miaka. Viti vilikuwa vimechakaa, lakini oili ilibadilishwa kwa wakati na breki zilikuwa zimetengenezwa mwaka uleule.

"Hili limechoka kama mwalimu mwenyewe," Kinyozi akasema, wakacheka wote.

Lile jeupe ndilo lililokuwa gari la kumfaa. Hawakulitazama mara ya pili.

Funguo akampeleka nyuma kabisa ya yadi, penye majani na maji yaliyotuama, ambako magari yaliyokaa muda mrefu yalipangwa kwa mstari. Katikati lilikuwapo gari la rangi ya fedha. Mwenye nalo alikufa, warithi wakaligombania kwa miaka, na muda wote huo lilikaa palepale. Viti vyake bado vilikuwa na nailoni. Kilomita zake zilikuwa chache hadi Kinyozi akadhani mita imeharibika.

"Hazijachezewa," Funguo akasema. "Mimi mwenyewe ndiye ninayelilea. Kila asubuhi kabla ya chai nawasha magari yote ya mstari huu, moja moja. Nayaacha yangurume kidogo, nayazima. Mjomba alinifundisha nikiwa mdogo. Gari likilala bila kuamshwa linakufa."

Akaingiza ufunguo. Injini ikaitika mara moja, laini kama paka aliyeshiba.

"Umeona? Kinyozi, sikiliza. Hili ndilo ningempa mtu wangu."

Maneno hayo alikuwa anawaambia wateja wote. Yalikuwa maneno ya kazi, kama kinyozi anavyomwambia kila mteja kwamba amependeza. Ila siku hiyo aliyatamka na macho yakamshuka, kwa sababu aligundua kwamba safari hii anasema kweli. Alikuwa amemchagulia kilicho bora kuliko vyote alivyojua.

Na alichokijua kilikuwa na kosa. Wakati wao wawili wanatazamana juu ya boneti, kwa chini, pale macho hayafiki, unyevu wa majani ulikuwa umeshayala mabomba ya breki mpaka yakabaki membamba kama ganda la yai. Kuwasha injini kila asubuhi hakukuwa kumegusa breki hata kidogo.

Kinyozi akalinunua.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu, kwa kuwa mchana yeye alikuwa na vichwa vya watu na Funguo alikuwa na magari ya watu.

"Halo, mtoto wangu anaendeleaje?"

"Mtoto yupi?"

"Gari, jamani."

"Gari mzima. Baba yake ndiye anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Hajaonana na dalali tangu juzi."

"Mpe maji ya moto alale," akajibu Funguo, na kule yadini Mjomba akamwona anavyotabasamu na ukuta.

Mama alimpenda kabla ya kumwona. Alikuwa mwanamke mwembamba, ulimi mkali, na mashine ya kliniki haikuwa imeuchosha ulimi huo. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, na kila walipoteremka mlima aliuliza, "Yule binti wa funguo mbona humleti? Au unasubiri nife ndipo umlete msibani?"

"Mama, acha maneno hayo."

"Basi nawe acha kusubiri."

Mlima ule ulikuwa mkali. Barabara ilishuka ikipinda, upande mmoja nyumba, upande mwingine ukuta mrefu wa ghala, na chini kabisa ilimwagikia kwenye njia kuu ya malori. Siku moja wakishuka, Kinyozi alihisi mguu wake umezama kidogo kuliko kawaida. Gari lilisimama. Siku iliyofuata ulizama tena, kama unakanyaga mto wa sufi. Hakumwambia mama. Alifunga duka mapema akaenda yadini.

Funguo hakuwapo, alikuwa ametoka na mteja. Alimkuta Mjomba, mtu mnene mwenye miwani aliyoipandisha utosini, amekaa mlangoni mwa ofisi.

"Breki zinazama, mzee."

Mjomba hakuinuka haraka. Alichukua chupa, akaongeza mafuta ya breki, akafunga kifuniko. "Yalipungua tu. Kwa gari lililokaa ni kawaida."

"Funguo alisema gari halina tatizo. Alisema ndilo angempa mtu wake."

Mjomba akacheka mpaka miwani ikateleza. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa mtu aliyeona dalali wake bora anataka kuchukuliwa na kinyozi. "Kijana wangu, hayo huyasema kwa kila mteja. Waulize. Juzi kamwambia mzee mmoja mwenye wake wawili. Ndiyo kazi yake, na anaiweza. Wewe ulidhani nini?"

Kinyozi alirudi garini. Alikumbuka mwavuli, mwanya, macho yalivyoshuka. Vyote akavigeuza upya kichwani, na safari hii vyote vikafanana na biashara. Mafuta aliyoyaongeza Mjomba yakaanza kudondoka njiani, tone moja moja, wala yeye hakuangalia nyuma.

Jioni simu ikalia. Hakupokea. Ikalia asubuhi. Akamwandikia: *Asante kwa huduma. Gari nimelipata.*

Funguo aliusoma ujumbe huo amesimama kati ya magari. Akapiga. Haikupokelewa. Akamfuata Mjomba.

"Kinyozi alikuja hapa?"

"Alikuja kulalamika. Wanaume hao, wakishapata gari wanatafuta sababu. Mwache."

"Alilalamika nini?"

"Kiti," Mjomba akasema.

Akamwacha, kwa hasira na kwa aibu. Alijiambia kwamba aliyekuwa anakuja yadini amevaa shati lililopigwa pasi alikuwa anataka gari tu. Na kila asubuhi akaendelea kuwasha yale yaliyobaki kwenye mstari, akiziba pengo la lile la fedha kwa kutolitazama.

Kisha ikaja asubuhi ya pikapu. Pikapu ile ilikuwa imekaa ubavuni mwa gari la fedha miaka yote, kwenye majani yaleyale. Mteja alitaka kuiona mbele, na Mjomba akaingia mwenyewe kuisogeza. Ilinguruma vizuri, maana Funguo alikuwa ameipasha moto. Ikashuka mteremko mdogo wa kuelekea getini, na watu wakaona haipunguzi mwendo. Mjomba akapiga kelele. Pikapu ikaingia kwenye nguzo ya geti, nguzo ikaingia ndani ya pikapu, na mguu wa Mjomba ukavunjika kati ya hivyo viwili.

Walipokwisha kumtoa na kumpakia, fundi wa yadi alilala chini akatazama. Akatoka na kipande cha bomba mkononi. Alikisukuma kwa kidole gumba kikapasuka.

"Limeoza," akasema. "Tena nilimwambia Mjomba wako."

"Lakini naiwasha kila siku!" Funguo akasema. "Kila siku!"

"Kuwasha si kutembea, dada. Unaipasha moto kidogo, maji yanabaki kwenye ekzosi na kwenye oili, halafu unazima. Tairi zimekalia upande mmoja. Breki hazijakanyagwa, na huku chini ni tope. Hata yule mwenye safari fupi, bora anunue gari lililokuwa linatembea kila siku, halafu mara moja kwa wiki alipeleke mbali kidogo lipate joto la kweli. Hili lako ulikuwa unalisikiliza tu."

Funguo alikuwa haangalii tena bomba. Alikuwa anaangalia pengo kwenye mstari.

"Lile la fedha lilikaa hapa."

Fundi akalidondosha bomba. Kisha akauliza, "Aliyelinunua anakaa wapi?"

"Mlimani."

Akakimbia getini akiwa na simu sikioni, funguo zikimpiga pajani. Akarukia pikipiki ya kwanza. "Mlimani! Twende! Usiniulize bei!"

Kule juu, Kinyozi alikuwa ameshampandisha mama garini, amemfunga mkanda, na ameanza kuteremka. Simu ililia kwenye nafasi kati ya viti. Jina likaonekana. Hakuigusa.

"Si upokee?" mama akauliza.

"Anauza gari, mama."

"Umeshanunua. Sasa anauza nini?"

Ikakata, ikalia tena. Mama akaichukua, akaibonyeza kwa kidole cha shahada kama mtu anayeua mdudu. "Halo? Mimi ni mama yake. Yeye kanuna."

Sauti ikatoka kubwa, pamoja na upepo wa pikipiki. "Mama! Mwambie asimamishe gari! Sasa hivi! Breki zimeoza!"

Kinyozi alikanyaga. Mguu ukaenda mpaka chini na haukukuta kitu.

Gari ndilo lililojibu, kwa kuongeza mwendo.

"Kinyozi! Unanisikia?"

"Hakuna breki," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, si yake.

"Usizime injini! Ukizima, usukani utakuwa mzito. Shusha gia, weka kwenye mbili!"

"Anasema mbili!" mama akapiga kelele, kana kwamba mwanawe yuko chumba kingine.

"Nimesikia, mama!"

Injini ikalia vibaya, gari likajivuta, lakini mlima ulikuwa na nguvu zaidi. Kona ya kwanza ikapita. Mtu mwenye toroli akaruka pembeni.

"Breki ya mkono! Vuta kidogokidogo, usiivute kwa mkupuo, litazunguka!"

Akavuta. Ikapanda nusu ikagoma. Waya wake ulikuwa umekaa miaka mingi bila kuvutwa. Mbele, chini kabisa, lori moja likapita kwenye njia kuu, na lingine nyuma yake.

"Imegoma!"

"Basi weka moja! Pembeni yako kuna ukuta wa ghala. Uguse! Usiugonge, uguse kwa ubavu, uache ukusugue! Mpenzi wangu, uguse!"

"Upande wa ukuta ndio amekaa mama!"

Ndipo mama aliyekuwa ameshika mkoba na simu aliposogea katikati mpaka bega lake likakutana na la mwanawe. "Mimi nimesogea," akasema. "Uguse."

Kinyozi akapinda usukani. Chuma kikalia dhidi ya zege, kioo cha pembeni kikaruka, mlango ukakunjika, vumbi jeupe likajaa ndani. Gari likasuguliwa, likapunguza, likasuguliwa tena, likaingiza tairi kwenye mtaro na kusimama limeinama. Lori la tatu likapita mbele yao, karibu kiasi cha kulisoma bamba lake.

Funguo alipofika aliruka kabla pikipiki haijasimama. Kitambaa kilikuwa kimebaki njiani. Aliwakuta wamekaa ukingoni mwa mtaro, mama katikati ya vumbi kama mtu aliyemwagiwa unga, anatafuta kiatu kimoja.

"Mama, umeumia?"

"Bega. Ndiye wewe unayeuza magari?"

"Ndiye mimi."

"Sura yako nzuri. Gari lako baya."

Funguo akapiga magoti palepale kwenye kokoto, akalia bila kujifunika uso. Kinyozi akachuchumaa mbele yake.

"Yale maneno," akasema. "Kwamba ndilo ungempa mtu wako. Mjomba wako anasema huwaambia wote."

"Nawaambia wote. Ni kweli. Lakini wewe peke yako ndiye niliyempa kweli, na ona nilichokupa." Akajifuta kwa kiganja chenye vumbi. "Kama ningekuwa sikupendi ningekuuzia lile la mwalimu."

Mama akakipata kiatu. "Mtapatana au mtaachana baadaye," akasema. "Damu yangu inachafuka. Nipelekeni kwenye mashine."

Walimpeleka wakimshikilia kwapani, mmoja kila upande, kwa miguu, kwa sababu hakuna aliyetaka kupanda kitu chenye tairi. Kliniki ilikuwa jirani tu. Wauguzi walilitazama bega, wakalifunga, wakamlaza, mashine ikaanza kuzunguka.

Nje, kwenye ukumbi wa kusubiria, walikaa benchi moja. Mikono ya Kinyozi ilikuwa imejaa vumbi la zege. Funguo akaishika.

"Nataka kukuoa," akasema Kinyozi.

"Leo? Leo nimekaribia kukuua."

"Ndiyo. Na nilipodhani nakufa niliudhika kwamba sijapokea simu zako. Sina maneno mengine."

"Hata mimi sina. Nimekubali."

Alisema hivyo, lakini uso wake haukufunguka. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ule mstari wa nyuma," Funguo akasema taratibu. "Yalikuwa mengi kuliko yale mawili. Mengine niliyauza kabla ya lako. Kwa watu wenye safari fupi, kama wewe. Wazee. Mama mmoja anayepeleka watoto shule. Niliwachagulia yenye kilomita chache, nikawaambia yameamshwa kila asubuhi."

Mashine ndani iliendelea kuvuma. Kinyozi aliondoa mkono mmoja, akachukua simu yake iliyopasuka kioo, akaifuta kwenye suruali.

"Nitajie namba," akasema.

Ya kwanza ilikuwa imezimwa. Ya pili, mzee alipokea, akasikiliza, akatukana, lakini alikuwa nyumbani na gari lilikuwa limeegeshwa. Ya tatu iliita mpaka ikakata. Funguo akabonyeza ya nne, ya yule mama wa watoto, akaweka simu katikati yao.

Ikapokelewa. Sauti za watoto zikagombana kwa nyuma, na chini ya sauti hizo ukasikika mngurumo alioujua Funguo vizuri, laini, uliopashwa moto kwa mikono yake.

"Dada," akasema Funguo, "hapo ulipo ni tambarare? Tafuta mahali usimame polepole. Usikate simu."

Wote wawili wakainama kwenye ile simu, wakasubiri kusikia injini ikizimwa.